Dozi ya Mchana wa Ramadhani

Kama kuna mtu amekwambia kwamba methadoni, dawa ya kuachia heroini, ni unga uleule uliopigwa muhuri wa serikali, kaa nami kidogo. Nimeambiwa hivyo na watu ninaowapenda na watu nisiowapenda, na nimejiambia mwenyewe nikiwa kwenye benchi la kusubiri, kwa hiyo hoja hiyo naijua vizuri kuliko wanaoitoa.

Jambo moja niliseme mapema: sitasimulia jinsi nilivyoanza. Kila mtu anaitaka sehemu hiyo. Nani alinipa, wapi, nilikuwa na nani. Mwenye pumu haulizwi vumbi lake la kwanza alilivuta kwa nani. Nilikuwa chuo kikuu Dar es Salaam nikisoma takwimu, nikamaliza, na siku niliyovaa joho la mahafali nilikuwa tayari natumia. Inatosha. Nilirudi kwetu Dunda, Bagamoyo, nimekonda kiasi kwamba Mama alinitazama pale mlangoni akauliza, "Wewe nani?" Hakuwa anatania.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alishafariki. Kulikuwa na Mama, anayekaanga bagia na kaimati barazani, na Bibi mzaa baba, mwenye kisukari na hamu ya kula kila anachokatazwa. Mimi nikawa wa tatu, mwenye jambo ambalo Mama alilizungumza kwa kunong'ona hata tukiwa peke yetu, kana kwamba kuta za nyumba yetu zina jamaa mtaani.

Nilianza dawa wakati wa mvua za vuli. Ni maji machungu katika kikombe kidogo cha plastiki. Unakwenda kliniki kila siku asubuhi, Jumapili na sikukuu pia, unakaa kwenye benchi chini ya bati, unasubiri jina lako. Dirisha la dawa linafungwa kabla ya adhuhuri. Unakunywa mbele ya muuguzi, na ukishameza anakwambia, "Sema." Lazima utamke kitu, aone kinywa kitupu, maana wapo waliowahi kuificha shavuni wakaenda kuiuza.

Wengi husema asante. Kombo, aliyekuwa akianika samaki Saadani kabla ya kuhamia mjini kwa ajili ya dozi, kila siku alitaja chakula. "Pweza wa nazi." "Chapati za moto." Mimi niliuliza maswali.

"Nani aliamua kwamba siwezi kuaminiwa na kikombe?"

"Nimekwambia sema," alijibu Sista Rehema, "sikukwambia hutubu. Mwingine!"

Kombo akanibatiza Takwimu. "Takwimu, tupigie hesabu basi. Huyu sista atatabasamu mwaka gani?"

Benchi lile lilinifundisha kukaa na watu. Kuna siku mtu analia, na hakuna anayemwuliza. Anasogezewa nafasi tu ili aegemee ukuta. Kuna siku jina linaitwa na mwenyewe hayupo, linaitwa tena, na sote tunatazama sakafu.

Ramadhani ya kwanza ilinikuta nina miezi michache tu kwenye dawa. Mama hakunilazimisha. Alisema, kwa ile sauti yake ya chini, "Mwezi mtukufu huu, mwanangu. Huoni kama ndiyo nafasi ya kuacha vyote?" Alisema kwa matumaini makubwa mno hata mimi ninayebishana na kila mtu nikakubali. Nikaamka naye daku, nikanuia, nikafunga. Dozi ya asubuhi ikapita, na baada ya futari hakuna dirisha lililo wazi. Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Zilizofuata mwili uliuma mpaka kwenye meno. Mama alinifunika khanga juu ya khanga, akanisugua mikono iliyosimama vinyweleo, akasoma dua. Kabla ya kumi la kwanza la mwezi kwisha nilikuwa maskani natafuta kete ya unga.

Kliniki ilinipokea, lakini si kwa dozi niliyoiachia. Mwili ukikosa dawa siku kadhaa unapoteza mazoea, na dozi uliyoizoea jana inaweza kukuua leo. Nilianzishwa tena chini kabisa, nikapandishwa kidogo kidogo, masika yote.

Sisimulii haya kwa kujuta. Nasimulia kwa sababu wapo watakaofanya vivyo hivyo mwaka huu, kwa nia njema, katika nyumba za watu wema, na baadhi yao hawatarudi kwenye benchi. Mimi niliapa jambo moja: Ramadhani nyingine ikinikuta hai, sitaruka dozi hata moja, na sitatafuta kichaka cha kujificha nikiinywa.

Niliporudi, daktari hakunigombeza, jambo lililonitia shaka.

"Kabla hujateleza, nyumbani kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu. Niliacha dawa, basi."

"Hakuna mgeni? Hakuna ugomvi?"

"Baba mkubwa alikuwa amekuja."

Hapo ndipo aliponieleza. Ubongo una kemikali zake za kushtuka, zile zinazokuandaa ukimbie au upigane. Unga unazinyamazisha, na ubongo nao unajibu kwa kutengeneza nyingi zaidi. Ukiacha unga, zile nyingi zinabaki bila kizuizi, na jambo dogo linaingia mwilini kama ajali ya gari. Methadoni inazituliza kutwa nzima. Lakini haiwezi kutuliza nyumba yenu.

"Yaani msongo," nikasema. "Siku hizi kila kitu ni msongo. Nitajuaje kwamba hilo si neno la kunifariji?"

"Usiniamini mimi. Uangalie mwili wako."

Hilo nililipenda. Nikauangalia.

Mwili wenyewe ulikuwa unarudi vipande vipande, na si kwa mpangilio ambao ningeuchagua. Usingizi ulitangulia. Likafuata jasho la kulowesha shuka hata siku za baridi. Choo kikawa kigumu, na Mama akawa ananiwekea papai kila asubuhi bila neno. Mashavu yakajaa. Kisha, masika yakiwa yanakwisha, nikapata hedhi baada ya muda mrefu hata nilishasahau kama mimi ni mwenye kupata hedhi. Nilikaa chooni nikacheka peke yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba unga unaweza kuiondoa, wala kwamba itarudi siku umevaa gauni jeupe. Basi wewe umeambiwa.

Kuhusu Baba mkubwa: ni kaka wa marehemu baba yangu, ana shamba la mananasi upande wa Msata, na huja kumwona Bibi, mama yake. Hajawahi kunipiga. Kazi yake ni kunisema mbele ya watu, kwa sauti inayofika barabarani. Pikipiki yake ikikata kona hupiga honi mara mbili.

Siku moja honi ikalia na mimi nimeshakunywa dozi yangu asubuhi ileile. Nikapiga mwayo. Nikapiga mwingine. Macho yakatoa maji, pua ikachuruzika, na vinyweleo vya mikono vikasimama katika jua la saa saba. Ilikuwa arosto, ile hali ya mtu aliyekosa unga, kamili na dalili zake zote, ilhali dawa iko tumboni. Alipoondoka, ikanitoka kabla chai haijapoa. Alipokuja tena, ikarudi. Safari nyingine akaletwa na gari la rafiki yake, bila honi, na mwili wangu ukakaa kimya mpaka nilipoisikia sauti yake. Mtu mmoja na baba mkubwa mmoja si utafiti, najua. Ulinitosha.

Nilimweleza Mama. Akasema, "Unamsingizia mzee wa watu."

Mwaka ukazunguka. Mwishoni mwa Shaaban, Ramadhani ikikaribia, Mama alikuwa uani akichagua mchele, akanivuta karibu.

"Mwaka huu kunywa dawa yako," alinong'ona. "Nimeshakubali. Ila watu wakiuliza mbona hufungi, sema umo kwenye siku zako."

Niseme hapa kwa wasiojua. Mwanamke akiwa katika hedhi hafungi, anakula jikoni bila makelele, na hakuna mwenye adabu anayemwuliza. Nyumba zote za pwani zinajua mlango huo na wanawake wengi tumewahi kupita humo hata siku ambazo si zetu.

"Mwezi mzima, Mama?"

"Wengine zao huwa nyingi."

"Hizo si siku, hayo ni mafuriko."

Alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa, mchele ukamwagika. Kisha akaacha kucheka. "Si bora waseme hivyo kuliko waseme…"

"Waseme nini? Kwamba naumwa?"

"Huumwi, Mwanaidi. Umepona. Hujioni ulivyonenepa?"

Nikamwonyesha kopo lililopauka, lililokaa juu ya gunia. Bibi hafungi kwa sababu ya kisukari, na kwa kila siku asiyofunga Mama hupima kibaba cha mchele kwa kopo lile, kikapelekwa kwa mtu asiye na chakula. Ndiyo fidia ya mgonjwa asiyeweza kufunga. Utotoni mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuipeleka, na nilipenda kwenda, kwa sababu kila aliyepokea aliniuliza hali ya Bibi na kumwombea.

"Na mimi utanipimia?" nikauliza.

Mama akalifunika kopo. "Wewe una siku zako."

Basi Ramadhani ya pili ikaanza hivyo. Asubuhi natoka kwenda dirishani, midomo ya wengine mikavu, wangu mchungu. Nikirudi nakula chumbani kwa Bibi, mlango umerudishwa, kwa kuwaheshimu waliofunga. Hilo sikulibishia, mtu mwenye njaa hana kosa. Nilichokataa ni kusema uongo.

"Mbona unakula mkate wangu?" Bibi aliuliza siku za mwanzo.

"Naumwa, Bibi."

"Unaumwa wapi?"

Mama akakohoa kule uani, kikohozi cha kutungwa.

"Ubongo," nikasema.

"Kusoma sana huko," akasema Bibi. "Haya, kula. Siagi niachie."

Kumi la katikati lilipoingia, Baba mkubwa akaja kufuturu, na rafiki yake wa msikitini. Honi mara mbili. Nilikuwa nimebeba sinia la muhogo na kaimati, nikahisi mwayo unapanda kooni, nikaubana. Walipomaliza kusali magharibi wakakaa mkekani, nikaweka sinia.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba. Umefunga leo, Mwanaidi?"

Mama, aliyekuwa akimimina uji wa pilipili manga, akainua macho. Jibu lilikuwa tayari, lilikuwa rahisi, na hakuna mwanamume ambaye angelichimba.

"Sikufunga."

"Shemeji, huyo yumo kwenye…" Mama akaanza.

"Naumwa," nikasema.

Baba mkubwa akarudisha kipande cha muhogo kwenye sinia. "Unaumwa nini? Dawa gani hiyo inayonywewa mchana wa Ramadhani? Si ileile tu, umebadilisha chupa?" Sauti ilipanda. "Marehemu baba yako alitoka jasho kukusomesha ili uje kula mbele ya mama yako mchana, watu wamefunga?"

Mwayo ukanishinda. Ukafuata mwingine. Macho yakajaa maji.

"Unamwona!" akamgeukia rafiki yake. "Miayo mbele ya wakubwa. Kalewa huyu, saa hizi za futari. Mtoeni hapa."

Mama akanishika mkono kunipeleka jikoni. Alinishika kwa nguvu, kama mtu anayeondoa aibu mezani. Kisha kiganja chake kikasita. Akakiteremsha mpaka kwenye kifundo, akakipandisha tena. Joto la kiangazi lilikuwa bado limejaa chumbani, na mkono wangu ulikuwa wa baridi, umelowa, vinyweleo vimesimama vyote. Mkono huo aliwahi kuusugua chini ya khanga mwaka uliopita. Aliujua.

"Asubuhi ulikunywa?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakunong'ona.

"Nilikunywa, Mama. Uliniona nikienda na nikirudi."

"Na hii imeanza saa ngapi?"

"Alipopiga honi."

Akanitazama mkono, akamtazama shemeji yake. Mama ni mtu wa kumpisha kila mtu njiani. Kwa Baba mkubwa hata hakai kitako mpaka aambiwe.

"Shemeji," akasema, "punguza sauti."

"Mimi?"

"Wewe. Mwanangu mgonjwa. Unamzidishia."

"Ugonjwa wa kujitafutia huo!"

"Na sukari ya Bibi?" nikasema, pua inachuruzika, sikujali. "Kaimati nani alimlisha kwa nguvu?"

Kutoka chumbani ikaja sauti ya Bibi: "Kaimati ziko wapi?"

Yule rafiki wa msikitini akacheka ndani ya kikombe chake cha uji, ukamtoka puani. Baba mkubwa hakucheka. Alimaliza kufuturu, akambusu Bibi mkono, akaondoka bila kuniaga. Mpaka leo hajakubali. Anakuja bado, na kwenye kona anapiga honi mara moja badala ya mbili. Sijui hilo ni ushahidi wa nini, lakini nimeliweka kwenye hesabu zangu.

Usiku ule nililala nikijua nimeshinda. Asubuhi nilikunywa dozi, Sista Rehema akasema "Sema," nikasema, "Mimi mgonjwa," naye akaniambia, "Sasa ulidhani hapa saluni?" Kombo alicheka mpaka akakohoa. Nikarudi nyumbani mbio kutazama kopo.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia. Akachota kibaba, akakisawazisha kwa kidole, akamimina kwenye mfuko. Akalifunika gunia.

"Na changu?"

"Chako sipimi."

"Jana ulisema mbele ya watu kwamba mimi mgonjwa."

"Nilisema, na nitasema tena."

"Basi?"

Akafunga mfuko fundo, akalifungua, akalifunga upya. "Fidia ni ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Bibi yako hatarajiwi, yeye anajua na mimi najua. Nikikupimia wewe, nitakuwa nimesema nini kwa mkono wangu mwenyewe?" Alisimama, magoti yakilia. "Anayetarajiwa kupona anakuja kulipa siku zake mwenyewe. Utazilipa."

"Daktari anasema huenda nikanywa miaka."

"Basi utalipa nyingi."

Akanipa mfuko wa Bibi niupeleke, kama zamani.

Njiani niliutafuta ubishi, kwa sababu ndivyo nilivyo. Tangu Shaaban nilidhani lile kopo lililofunikwa ni aibu tupu. Aibu ilikuwamo, siwezi kumsafisha Mama. Lakini ndani yake kulikuwa na mtu aliyekataa kuniweka upande wa wale wasiotarajiwa, na aliyekuwa hajapata njia ya kukataa bila kusema uongo kwamba nimepona. Sasa ameipata. Sina hakika kama nitapona kwa maana anayoitaka yeye. Sina hakika hata kama neno hilo lina maana moja. Ninachojua ni kwamba mwezi ule wote sikukosa kikombe hata kimoja, na siku ya Idi nilivaa gauni jipya, nikaenda dirishani nalo.

Wewe uliye kwenye benchi kama langu, sikupi dua wala nasaha ndefu. Kunywa dozi yako. Uangalie mwili wako: ni sauti gani, nyumba gani, kona gani inayokuamshia zile kemikali, kisha uwaonyeshe watu wako mkono, wauguse. Maneno yangu hawakuyaamini, na nina digrii. Na ukiulizwa unaumwa nini, jibu. Anayeona haya ni aliyeuliza.

Shaaban ya mwaka huu imeingia wiki hii. Ni wakati ambao wanawake wa mtaani wanakimbizana kulipa siku walizokula mwaka jana, kabla Ramadhani haijawakuta nazo. Jirani yetu Bi Mwajuma, aliyefunga, alikuja asubuhi kukaa karibu na karai la Mama, kunusa tu, kama alivyosema mwenyewe.

"Zangu zimebaki kidogo," akasema. "Na Mwanaidi? Kashamaliza kulipa?"

Nilikuwa kizingitini natafuta kandambili, nakwenda kliniki. Nikasimama kusubiri ule mnong'ono.

Mama aligeuza bagia, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Huyo bado yuko kwenye dawa," akasema, kwa sauti anayowaitia wateja walio ng'ambo ya barabara. "Akipona, atalipa."